Ghorofa la wapangaji kwenye mtaa wa ujazo mdogo: kisa cha kiwanja kimoja Tanga

Kiwanja chenyewe kina mita za mraba 1,800 hivi, upande wa bahari wa jiji la Tanga, kwenye mitaa ile ya nyumba kubwa za zamani na miembe ya miaka mingi, inayoitwa ya ujazo mdogo kwa kuwa nyumba ni chache na viwanja ni vikubwa. Kwa miguu hadi Hospitali ya Bombo si mbali. Katikati imesimama nyumba moja ya vigae ambayo paa lake limeanza kubonyea. Wenyewe ni ndugu wanne waliorithi kwa baba yao. Mirathi imekwisha, hati iko kwa majina yao, kodi ya pango la ardhi hawadaiwi. Waliomba kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka makazi ya familia moja kwenda makazi ya kupangisha, ili wabomoe nyumba hiyo na kuinua jengo la chini na ghorofa mbili lenye apatimenti 18. Kila moja ina chumba, sebule, jiko na choo humo humo. Ombi lilipofika kwenye kamati ya mipango miji, likakataliwa.

Kisa hiki nimekisuka kwa mambo yanayojirudia mitaani kwetu, kwa hiyo hakimhusu mtu mmoja wala ofisi moja. Hata hivyo mkazi wa Tanga atakitambua kila kipande. Nakichambua kwa sababu naamini uamuzi ule haukuwa sahihi, na sababu zilizotolewa zinastahili kupimwa moja moja badala ya kupokelewa au kutupwa kwa jumla.

Tuanze na waliokusudiwa kukaa humo. Ndugu hawa waliwalenga manesi wa Bombo, walimu wapya, vijana wa bandarini na wa maduka ya mjini. Kodi waliyopanga ni shilingi 130,000 kwa mwezi, na walisema watapokea ya miezi mitatu mitatu. Hilo la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000, kwa hiyo 130,000 ni kama robo yake, mzigo ambao mtu anaweza kuubeba. Lakini mwenye nyumba akidai ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyozoeleka, mtumishi huyo huyo anatakiwa atoe 780,000 kabla hajaingiza hata godoro. Hapo ndipo wengi wanapoingia kwenye mikopo ya kausha damu, na mwaka mzima unaisha wakilipa riba.

Na wanaotafuta vyumba wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 katika Jiji la Tanga, ya 2022 ikahesabu 393,429. Ni nyongeza ya watu zaidi ya 120,000 kwa miaka kumi. Juu yake kuna bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda hadi Chongoleani na maboresho ya bandari, ambayo yamewaleta mafundi, madereva na wafanyabiashara. Tanga tuliyoiimba kuwa ya waja leo waondoka leo, wajao siku hizi wanakaa.

Kikao cha mtaa

Bango la kuwataarifu majirani lilipigiliwa getini, na kikao kikaitishwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa asubuhi ya Jumamosi. Waliopinga walikuwa wengi kuliko waliounga mkono, na hoja zao hazikuwa za aina moja. Zipo zilizotoka kwenye hofu tupu: mtaa utashuka hadhi, wataingia wahuni, bei ya viwanja itaanguka. Sizipi nafasi kubwa. Nesi anayerudi kutoka zamu ya usiku si mhuni kwa sababu amepanga, na kiwanja kilichoruhusiwa kubeba apatimenti kwa kawaida hupanda bei.

Hoja ya bibi mmoja wa nyumba ya jirani ni nyingine kabisa. Alisimama akaegemea kiti cha mbele yake, akamwambia yule ndugu mkubwa: "Mwanangu, marehemu baba yako tulizikana na kuozeshana. Mimi sikatai watu. Nakataa kuanika nguo zangu uani huku mtu yuko juu ananitazama." Yule ndugu alijibu, "Nimekusikia, bibi," akakaa. Baadhi ya vijana waliguna, kana kwamba hilo ni jambo la kizamani.

Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizosemwa siku ile. Ua wa nyumba ya Pwani ni chumba kisicho na paa. Hapo watu wanapika, wanasukana, wanaogesha watoto, wanakaa na kanga moja jioni ya joto. Jengo la ghorofa mbili lenye varanda zinazotazama upande huo linamnyang'anya jirani sehemu ya nyumba yake bila kumlipa. Lakini hili linatatuliwa kwenye mchoro, na mchoraji wa Tanga anajua namna. Madirisha ya vyumba yanaelekezwa barabarani na kwenye uwazi wa ndani wa kiwanja. Ngazi, majiko na vyoo vinawekwa upande wa jirani, na madirisha yake yanainuliwa juu ya kimo cha mtu. Korido za ghorofani zinazibwa kwa matofali ya matundu ambayo yanapitisha upepo wa bahari na kuzuia jicho. Jengo linasogezwa mbali na mpaka zaidi ya kiwango cha chini kinachotakiwa, jambo linalowezekana kabisa kwenye mita za mraba 1,800. Hakuna aliyemwonyesha bibi mchoro wenye hayo. Alichoonyeshwa ni picha ya rangi ya upande wa mbele, yenye magari mawili yameegeshwa na mnazi mmoja.

Mtu mwingine aliyenigusa ni dada mmoja nesi, amepanga chumba cha uani kwenye nyumba ya tatu kutoka hapo. Alinyoosha mkono. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, bila dharau yoyote, "Subiri kidogo, binti, tuwamalize kwanza wenye nyumba." Wenye nyumba hawakuisha. Muhtasari wa kikao ukaandikwa kwamba wakazi wamepinga. Dada yule ni mkazi, analala hapo, ananunua mkaa hapo, na takataka zake zinazolewa hapo. Kuhusu kupangisha vyumba karibu na hospitali, yeye alikuwa na la kusema kuliko wote mle ndani. Angetueleza maana ya kutoka kazini saa sita usiku ukiwa unaishi Pongwe, daladala hakuna, na bodaboda anadai nauli ya kutwa nzima.

Sababu tatu za kamati

Barua ya kukataa ilitaja sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba ombi haliendani na mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Sababu hii haisimami. Anayeomba kubadilisha matumizi anaomba kwa sababu kile anachotaka hakiendani na mchoro. Kingeendana, angeomba kibali cha ujenzi moja kwa moja. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 imeipa mamlaka ya upangaji kazi ya kupima kama badiliko lina faida na madhara gani kwa eneo. Kumjibu mwombaji kwamba mchoro unasema vinginevyo ni kumrudishia swali lake.

Tena mchoro wenyewe una historia, na ni vizuri tuijue kabla ya kuuogopa. Miaka ya 1920 serikali ya Mwingereza iliigawa miji ya Tanganyika katika kanda tatu: ya nyumba za Kizungu, ya biashara na makazi ambako wengi walikuwa Wahindi, na ya wenyeji. Watu wakaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Baadaye rangi ya mtu ikaondolewa kwenye makaratasi, yakaingia maneno ya ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa. Mistari ardhini haikusogea sana. Tanga unaiona kwa miguu: Raskazone na Bombo kuna bustani na nafasi, mjini kati kuna maduka yenye makazi juu, ukivuka reli unaingia Ngamiani yenye barabara za namba na viwanja vidogo. Simaanishi kwamba kila anayeutetea ujazo mdogo leo anatetea ubaguzi. Wengi wanatetea utulivu waliouzoea, na utulivu ni kitu cha kutetewa. Ila ukubwa wa viwanja vile uliamuliwa na watu fulani kwa haja zao za wakati ule. Tunaruhusiwa kuuamua upya kwa haja zetu.

Sababu ya pili ilikuwa maji taka, na hapa kamati ilikuwa na haki. Nifanye hesabu ambayo mwombaji hakuifanya. Apatimenti 18, kila moja watu watatu, ni watu 54. Kila mtu akitumia lita 80 kwa siku ni lita 4,320, na kama asilimia 80 yake inarudi kama maji machafu, ni lita 3,456 kila siku ya Mungu. Mchoro ulionyesha shimo lile lile la nyumba ya zamani, lililochimbwa kwa ajili ya familia moja, na mstari wa penseli ulioandikwa "litapanuliwa". Ardhi ya ufuko ule ni mwamba wa matumbawe wenye matundu. Maji machafu hayachujwi humo kama kwenye udongo; yanapenya upesi kwenda kwenye visima vya majirani na baharini. Mtu aliyepinga kwa sababu hii alikuwa analinda afya ya watu, na kama mwombaji angeng'ang'ania mchoro ule, hata mimi ningesema hapana.

Lakini tatizo la maji taka lina majibu yanayopimika. Tangi la septiki lenye vyumba viwili ambamo maji yanakaa siku mbili au tatu kabla hayajatoka. Eneo la kunyweshea ambalo maji yaliyotulia yanasambazwa kwa mabomba yenye matundu kwenye kitanda cha kokoto na mchanga ulioletwa, badala ya kuachiwa mwamba uliopasuka. Geti pana la kutosha ili gari la kunyonya maji taka lifike hadi kwenye mfuniko. Na barua kutoka mamlaka ya maji inayoeleza kama bomba la maji taka liko jirani au litafika lini. Mamlaka ya maji ya Tanga si ofisi isiyojiweza. Februari 2024 ilizindua hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji, ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji, jambo ambalo taasisi nyingi kubwa nchini hazijalifanya. Mji wenye mamlaka ya aina hiyo unaweza kabisa kukaa na mwombaji na kuulizana bomba linakwenda wapi.

Sababu ya tatu ilikuwa kwamba wakazi wamepinga. Nimekwisha kueleza nani walihesabiwa kuwa wakazi. Niongeze kwamba kupinga si ushahidi peke yake. Kamati inatakiwa iandike wamepinga nini, kwa hoja gani, na hoja ipi imekubaliwa. Muhtasari uliochanganya ua wa bibi na hofu ya wahuni kwenye sentensi moja haukumtendea haki bibi wala mwombaji.

Yaliyokwisha kujengwa uani

Sasa tembea mtaani hapo jioni, saa kumi na mbili, taa zinapowashwa. Kwa mbele unaona nyumba moja kila kiwanja, kama hati inavyosema. Chungulia pembeni ya ukuta, nyuma kuna vyumba vya uani: vinne hapa, sita pale, bati za mteremko mmoja, choo kimoja cha pamoja, kamba za nguo, luku moja ambayo wapangaji wanachangishana. Vingine vilikuwa vya watumishi wa nyumbani tangu zamani, vingine vimeongezwa mwaka jana. Hakuna aliyeomba kubadilisha matumizi na hakuna bango lililopigiliwa. Maji yao yote yanaingia kwenye shimo la nyumba kubwa.

Yaani ujazo umekwisha kupanda, kimya kimya, bila mchoro, bila tangi, bila korido ya kutokea moto ukiwaka. Ndugu wanne waliokwenda ofisini na makaratasi yao wamerudishwa. Jirani aliyejenga usiku anapokea kodi. Sielewi mji unajifunza nini hapo zaidi ya kwamba kuomba ni ujinga. Hili linaniuma kuliko ghorofa lenyewe. Kanuni za udhibiti wa uendelezaji mijini za mwaka 2008 zinataka kibali kwa kila ujenzi wa namna hii, lakini kanuni inayomshika anayejitokeza tu itaishia kuwa na wachache wa kuwashika.

Wanaokosa hata vyumba vya uani wanakwenda pembezoni, wananunua kipande cha shamba kwa hati ya mauziano, wanajenga polepole. Miaka kadhaa baadaye serikali inakuja kupima nyumba zikiwa zimesimama. Programu ya kurasimisha makazi ya 2013 hadi 2023 ilikuwa ya kushughulikia hali hiyo nchi nzima, na kila aliyeipitia anajua ugumu wa kupata njia ya gari katikati ya nyumba za watu. Barabara, bomba na nguzo za umeme ambazo tayari zimefika mtaa wa bahari inabidi zivutwe upya hadi huko.

Hatukuwahi kuwa watu wasiojua kukaa wengi kwa staha. Nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani, vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, ua nyuma, imewahifadhi mwenye nyumba na wapangaji chini ya paa moja vizazi na vizazi. Hiyo ndiyo nyumba ya bei nafuu tuliyonayo, na haikujengwa na mradi wowote. Leo nyumba hizo zinabomolewa moja moja kupisha fremu za maduka na gesti. Vyumba vinavyopotea Ngamiani lazima vizaliwe mahali.

Hoja ambayo hakuna aliyeitoa

Ipo hoja moja ambayo ingenitikisa kama ingetolewa. Ardhi ikishabadilishwa matumizi, nini kinawafunga ndugu wanne na kodi ya 130,000? Hakuna. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kesho wanaweza kuuza kiwanja, na mnunuzi akajenga apatimenti sita kubwa za kupangisha wageni kwa bei kubwa. Au, kwa kutumia Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, akaziuza moja moja kwa watu wenye fedha. Mtaa ungekuwa umebeba mzigo wa jengo, na nesi angekuwa bado anatafuta bodaboda ya Pongwe.

Kwa hiyo masharti ya idhini ndiyo roho ya jambo hili. Kamati haiwezi kupanga kodi, lakini inaweza kuandika idadi ya apatimenti na ukubwa wa juu wa kila moja. Chumba na sebule vya mita za mraba 32 haviwezi kupangishwa kwa bei ya apatimenti ya mita 120, hata mwenye nyumba awe na tamaa kiasi gani. Inaweza kutaka mwombaji aanze ujenzi ndani ya muda uliowekwa, la sivyo idhini ife, ili isigeuke karata ya kuuzia kiwanja. Inaweza kuagiza vyumba vyote vya uani kwenye mtaa huo vikaguliwe vyoo na mashimo yake, ili jirani anayelalamikia maji ya mwenzake naye aonyeshe ya kwake.

Ningekuwa na kura kwenye kamati ile, ningepigia kura ombi lirudishwe kwa marekebisho. Apatimenti zipunguzwe hadi 12, ghorofa ibaki moja badala ya mbili. Watu 36 kwa hesabu ile ile ni lita 2,304 za maji machafu kwa siku, kiasi ambacho kiwanja kile kinaweza kukihimili kwa tangi la maana. Upande wa bibi usiwe na dirisha la chumba hata moja. Na wakati huo huo idara ya mipango miji ianze kuupitia mchoro wa mtaa mzima, maana kubadilisha kiwanja kimoja kimoja kwa kila mwenye nguvu ya kufuatilia kunazaa mtaa usiojulikana ni wa nini, na hata mwenye nia njema hawezi kujua jirani yake ataruhusiwa kujenga kitu gani.

Ndugu wale hawakukata tamaa. Wameajiri mchoraji mwingine, na ombi jipya ni la apatimenti 12, chini na ghorofa moja, tangi limehesabiwa na mhandisi amegonga muhuri wake. Ndugu mkubwa alikwenda na mchoro nyumbani kwa bibi, akautandaza juu ya meza, wakakaa nao hadi adhuhuri. Bibi alitaka ukuta wa mpakani uongezwe kozi mbili za tofali na mti wake wa mkungu usikatwe. Yote mawili yameandikwa. Kwa mtendaji wa mtaa wamepeleka barua wakiomba wapangaji wa mtaa huo waitwe kwenye kikao na waandikwe kwenye mahudhurio kama wakazi wengine. Mtendaji ameipokea, amesema atashauriana na mwenyekiti. Kikao cha kamati ni cha robo ijayo.